Kuchora kwa kuangalia picha ya mtu sio wizi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale wanaosema mchoraji anayechora mhusika wake huku ameweka picha ya mtu iliyopigwa na kamera pembeni eti ni mwizi, anadanganya, eti fundi wa kweli anatoa kila kitu kichwani. Kauli hii inawavunja moyo vijana wengi wanaoanza kuchora katuni na haina mashiko, maana hicho kichwa nacho kimejaa nini kama sio vitu ulivyoviona?

Chukua ishu ya farasi. Miaka mingi wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia miguu ya mbele imenyooka mbele, ya nyuma imenyooka nyuma, yuko hewani, na kila mtu anaona poa tu. 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera kwa mstari kule California akampiga farasi picha hatua kwa hatua, kumbe ni kweli kuna muda kwato zote nne zinaacha ardhi ila ni pale miguu imekunjwa chini ya tumbo! Watu wanaoishi na farasi kila siku na bado walikosea. Mchoraji wa Ufaransa Degas alizitumia hizo picha, na Mfaransa mwenzake Delacroix kabla yake alichora akiangalia picha za watu zilizopigwa na mpiga picha Durieu, sasa hao nao tuwaite wezi?

Kwa mwili wa binadamu ndo balaa zaidi. Mwambie mtu achore kichwani mhusika aliyesimama, utaletewa mabega yamenyooka kama hanga ya nguo na macho yamepandishwa karibu na paji, wakati macho yako katikati kabisa ukipima kutoka utosini mpaka kidevuni. Halafu muonyeshe picha ya mtu aliyeegemeza uzito mguu mmoja. Nyonga ya mguu uliobeba imepanda, bega la upande huohuo limeshuka, mgongo umepinda kidogo, na kile kishimo cha chini ya koo kimekaa juu ya unyayo uliobeba uzito. Hapo ndo mhusika anaanza kusimama mwenyewe, hata ukimpa kichwa kikubwa cha katuni na miguu mirefu kama unavyotaka haanguki, kwa sababu ule mteremko wa mabega na nyonga umeubakiza.

Ila na sisi tunaotetea picha tuseme ukweli, kuna wanaoweka karatasi juu ya picha wanafuatisha mstari wa nje halafu basi, hapo hujajifunza kitu zaidi ya kumsindikiza penseli. Afadhali michoro ya chapchap ya dakika moja moja, mstari wa mgongo kwanza, nguo na sura baadaye, kisha funika picha uchore pozi lile lile bila kuangalia, ukifunua utaona palepale ulipodanganya (mara nyingi ni viganja, tunavichora vidogo mno, wakati kiganja kinafunika uso kuanzia kidevuni mpaka nywele zinapoanzia). Na kamera nayo inadanganya, selfi ya karibu inavimbisha pua na kurudisha masikio nyuma, kwa hiyo ukitaka uso wenye vipimo vya kweli simu isogezwe mbali. Kama mchoro ni wa kuuza basi jipige picha mwenyewe kwa taima ya kamera au muombe rafiki akae pozi, usije kugombana na mwenye picha.

Mhariri, nyie wenyewe mnatusaidia sana bila kujua, kurasa zenu za michezo ndo darasa letu, kipa akiwa hewani, beki amejipinda, mkimbiaji anamaliza mbio. Ombi langu ni moja tu, mkipunguza picha ili ienee kwenye safu msiwakate miguu, mchezaji aliyeishia magotini hatujui uzito wake ameuweka wapi.

Mchoraji na msomaji wenu