Hesabu miche kabla ya mbuzi: barua kwa rafiki wa Kondoa

Dodoma mjini,
Mwezi Mei

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo, mtama umeanza kukomaa.

Uliuliza kama habari za kulungu wanaomaliza misitu ya Marekani zinauhusu msitu wa kijiji chenu, ambao una mbuzi tu. Zinauhusu sana, na ningependa uanze kazi kabla kiangazi hakijakaza.

Mashariki ya Marekani mbwa mwitu waliuawa wakaisha, kisha uwindaji ukadhibitiwa na mashamba yakapakana na misitu. Kulungu akapata chakula na kukosa adui, na jike mwenye afya huzaa mapacha. Mti mkubwa hawezi kuudhuru. Anakula ncha za miche mpaka kimo cha kama mita moja na nusu, tena kwa kuchagua. Mwaloni unaliwa, makangaga yanaachwa. Huko Pennsylvania watafiti walifungia kulungu ndani ya nyua kwa viwango vinne: karibu 4, 8, 15 na 25 kwa kilomita moja ya mraba. Kwenye kiwango cha juu, aina za ndege wanaojenga viota kwenye miti ya kimo cha kati zilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko kwenye kiwango cha chini, na upungufu ulianza kuonekana kati ya 8 na 15. Kinachoniuma zaidi ni kwamba makangaga yakishatanda hufunika ardhi kwa kivuli, hivyo hata kulungu wakipunguzwa miche haioti upesi.

Kwenu Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Miombo ilirudi kwa sababu huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Mninga ndio unaotaka subira: miaka ya mwanzo mche wake hufa juu kila kiangazi huku mzizi ukinenepa chini. Ncha ikiliwa kila masika, mzizi haupati akiba ya kuurusha juu.

Kwa hiyo usianze na kuhesabu mbuzi. Anza na miche. Pima jozi nne za viwanja, kila kiwanja mita 10 kwa 10, vya jozi moja viwe na udongo na mteremko unaofanana. Rusha shilingi kuamua kipi kizungushiwe uzio. Ukichagua kwa macho utachagua kile kizuri, na hesabu yote itakudanganya. Kwa mbuzi uzio wa mita moja na nusu unatosha. Uache wazi sentimita 15 chini ili sungura wapite pande zote mbili, la sivyo utawasingizia mbuzi kosa la sungura. Uzio wa miiba ya mgunga ni rahisi, ila mchwa huula, kwa hiyo ukaguliwe kila mwezi.

Hesabu ndani ya mita 8 kwa 8 tu, maana pembezoni uzio wenyewe hubadilisha mambo. Andika aina ya mti, kimo (chini ya sentimita 30, 30 hadi 150, zaidi ya 150) na idadi ya ncha zilizoliwa. Shika ncha uitazame kwa karibu. Mbuzi, kama kulungu, hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huvuta na kuacha ncha iliyochanika yenye nyuzinyuzi. Sungura hukata mshazari, safi kama kwa wembe. Hesabu sasa masika yanapoisha, halafu tena Oktoba.

Hatari kubwa ni moto. Ndani ya uzio nyasi hazilishwi, zinarundikana, na moto ukiingia huwaka kwa ukali kuliko nje na kuua miche uliyokuwa unailinda. Fyeka mkanda wa mita tatu kuzunguka viwanja vyote, vyenye uzio na visivyo nao, kabla ya Julai.

Iwapo ndani ya uzio miche inapanda daraja la kimo na nje inabaki chini ya sentimita 30, malisho ndiyo yanayoibana, na hapo mna hoja ya kupeleka mkutano wa kijiji: eneo lipi lifungwe na kwa misimu mingapi. Ikidumaa pande zote mbili, chunguza udongo na moto kwanza, msiwagombeze wafugaji bure.

Nitumie karatasi za hesabu ya kwanza mara tu ukimaliza, tuzipitie pamoja.

Wako,
Swahiba wa Dodoma