Baba Neema, usitume pesa Arusha kabla pikipiki haijakaguliwa

Baba Neema,

Salaam nyingi, na shikamoo yangu mfikishie Mama, najua bado yuko kwako. Sisi huku wazima, kikohozi cha Swaumu kimepungua, na yule fundi wa Magomeni anakusalimu na anakukumbusha jeki yake. Picha za ile pikipiki ya Arusha unayotaka kuinunua, Royal Enfield Himalayan, nimeziona, na swali lako la ipi inakufaa nimelisoma. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana maelezo ni marefu na utataka kuyasoma tena ukiwa umechuchumaa pembeni ya chuma chenyewe.

La haraka kwanza: ile amana anayoitaka muuzaji Ijumaa, usiitume. Vuta karibu picha ya nyuma usome namba. Inaanza na KM, yaani pikipiki ya Kenya. Za kwetu zinaanza na MC. Kuwapo Arusha haina maana kwamba imelipiwa ushuru hapa, na bei aliyokutajia inavutia kwa sababu ushuru haumo ndani yake. Akutumie picha ya kadi, picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na ya namba ya injini. Zikilingana zote, nenda nazo TRA, Mamlaka ya Mapato, wakupigie hesabu ya ushuru na usajili. Jumlisha na bei yake, ndipo tuulizane kama bado ni nafuu. Hili nitalirudia, maana najua ukishaipenda hutaki kusikia habari za karatasi.

Sasa swali lako. Unataka moja ya kukupeleka Posta kila siku kutoka Kibaha, ikufikishe na Iringa mwisho wa mwaka, halafu iwe na roho. Hilo la roho usilionee haya. Mtu anayekaa juu ya kitu kilomita 80 kwa siku ana haki ya kukipenda, na pikipiki inayopendwa huoshwa, na wakati wa kuiosha ndipo unapoiona bolti iliyolegea au mafuta yanayovuja.

Shemeji anasema chukua Boxer 150, basi. Ana hoja nzito. Ni cc 144.8, nguvu za farasi kama 12, na spea zake utazikuta hata kwenye duka linalouza chumvi na viberiti. Ingekuwa Kibaha na Posta tu, nisingebishana naye. Shida inaanza ukishaiacha Chalinze. Ukiwa na Mama Neema nyuma na begi, utatembea 70, labda 80, injini ikiwa imeshatoa karibu yote iliyo nayo. Basi la Mbeya likikufikia nyuma, huna akiba ya nguvu ya kujitoa, na lori likisimama ghafla mbele yako unategemea breki za ngoma. Hapo ndipo ninapomkatalia shemeji.

Ile Yamaha DT 125 ya mnada wa mradi, iache. Najua mlio wake unakukumbusha mbali. Lakini hiyo ni injini ya mipigo miwili, inakunywa petroli na inakunywa oili yake ya pembeni. Pampu ya hiyo oili inafuata mkono wa mafuta: ukivuta inatoa nyingi, ukiachia inatoa kidogo. Fikiria unarudi kutoka Iringa, unateremka mlima Kitonga, umeachia mafuta na gia ndiyo inayokushika. Injini inazunguka kwa kasi, oili inayoingia ni ya kubahatisha. Pistoni zinagandia kwenye silinda namna hiyo. Anayeijua huvutavuta mafuta kidogo kila baada ya muda au hushika klachi, lakini kwenye kona zile, na malori yale, sitaki uwe na kazi mbili. Pia kukamatwa na gia kwenye injini ya mipigo miwili ni hafifu, breki ndiyo inabeba yote.

Honda XR150L aliyokuonyesha Mwalimu ni nzuri kweli. Kama kilo 130, kabureta, ina stata na kiki, tairi la mbele la inchi 19. Kwa barabara ya vumbi na foleni ya Ubungo ni raha tupu. Ungekuwa unaenda shamba Kisarawe kila Jumamosi ningesema chukua hiyo ufunge mjadala. Ila Iringa ni kama kilomita 500 na kiti chake ni chembamba, na Mama Neema atakuwa ameshakasirika kabla ya Mikumi.

Kwa hiyo ndiyo, moyo wako umeelekea sawa. Himalayan ile ya cc 411 inajibu yote matatu, na nakueleza kwa nini ili usiinunue kwa ajili ya picha. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 78 lakini inatembea milimita 86, kwa hiyo haikimbilii mizunguko mingi, inavuta ikiwa chini. Nguvu za farasi ni 24 tu na ushee, ila nguvu yake kubwa ya kuvuta unaipata kati ya mizunguko 4,000 na 4,500. Mpaka hapo injini haijaanza hata kupiga kelele. Ukipanda Kitonga nyuma ya lori, unakaa gia ya tatu, unasubiri, nafasi ikipatikana unavuta na inakwenda bila kugombana na gia. Kwenye lami iliyonyooka inatulia 90 hadi 100. Tenki ni lita 15, ukiendesha kwa ustaarabu utapata kilomita 400 kabla ya kutafuta kituo. Kiti kiko milimita 800 kutoka chini, miguu yako yote miwili inafika. Na ule mdundo wake mzito, mmoja mmoja, ndio unaouita roho.

Lawama zake nazo uzijue. Ina karibu kilo 200. Kwenye foleni ya Kimara utazihisi kila unaposimama, hasa ukiwa na maboksi ya chuma ya pembeni kama yale ya kwenye picha. Siku za kazi yavue, yabaki mlangoni mwa stoo. Breki ya nyuma ni ya wastani, zoea kutumia ya mbele. Haina kiki. Inatumia injekta na pampu ya umeme iliyo ndani ya tenki, kwa hiyo betri ikifa kabisa hata kusukuma hakusaidii sana, pampu haina umeme wa kupandisha mafuta. Petroli ya chupa ya kando ya barabara usiiguse, uchafu wake utaishia kwenye filta na injekta.

Sasa ukaguzi. Mwambie binamu yako wa Arusha aende asubuhi bila kumpigia muuzaji saa nzima kabla. Kabla haijawashwa aweke kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, imewashwa mapema ili isionekane inavyowaka ikiwa baridi; aombe irudiwe kesho. Ikiwashwa, atazame ekzosi: moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimechoka. Aweke kipimo cha umeme kwenye betri injini ikinguruma kidogo juu ya sailensa, yaani ule mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta. Isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, haichaji.

Halafu shingo. Hapa asiwe na haraka, hata muuzaji akianza kuangalia saa. Beringi za shingo ya usukani kwenye Himalayan za mwanzo zinajulikana kwa kuchoka mapema, mara nyingi kwa sababu grisi iliyomo ni kidogo na maji yakapenya. Aisimamishe kwa stendi ya katikati, mtu mmoja akandamize nyuma mpaka tairi la mbele liinuke. Ashike usukani kwa vidole viwili tu, auzungushe taratibu toka kushoto hadi kulia. Ukiteleza laini mwanzo mwisho, sawa. Ukinasa katikati, pale pale unapoelekea mbele, beringi imeshachimba kidimbwi chake. Kisha apige magoti mbele, ashike miguu ya shokapu kwa chini, asukume na kuvuta. Akisikia mgongano mdogo ndani ya shingo, kuna uwazi. Beringi zenyewe si ghali, kazi ndiyo ndefu, na pikipiki yenye shingo mbovu inayumba ukiwa 90 na mzigo nyuma. Ikiwa mbovu si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kushusha bei.

Akiwa pale chini apitishe kidole kwenye mabomba ya shokapu, kama kuna duara la mafuta sili zimekwisha. Agonge spoki moja moja na spana ndogo: zilizokaza zinalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Avute cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa kwa pamoja. Usikubali cheni mpya juu ya sproketi za zamani, meno yaliyolika yataila ndani ya muda mfupi.

Kuhusu spea, hapa shemeji atakucheka na ana haki. Ukiharibikiwa Ruaha Mbuyuni hakuna atakayekuwa na kitu chako. Kwa hiyo unabeba. Tyubu ya inchi 21 ya mbele, hiyo ndiyo ngumu kupatikana njiani, na ya 17 ya nyuma kama nafasi ipo. Leva tatu za tairi, pampu ya mkono, viraka na gundi. Kiungo cha cheni, plagi, fyuzi, mkono wa klachi. Waya wa klachi wa pili usiuweke kwenye begi, ulaze sambamba na huu wa sasa tangu juu hadi chini, uufunge kwa vibano vya plastiki. Wa kwanza ukikatika unahamisha ncha tu na kuondoka. Oili iwe 15W-50 yenye maandishi ya JASO MA2, alama ya oili ya pikipiki, na kwa joto na foleni za Dar usivuke kilomita 5,000. Ile ya magari aliyokushauri jirani hapana, klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na ukiweka ya kulainisha mno itateleza. Na ukinunua Kariakoo nenda na kifaa cha zamani mkononi ulinganishe. Spea feki zimejaa kwenye maboksi yanayong'aa, inaniuma sana kuona mtu ananunua pedi za breki zisizoshika kwa bei ya zinazoshika.

Mzigo mzito ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, boksi la juu liwe na vitu vyepesi tu, makoti ya mvua na mkate. Hifadhi ya Mikumi ipite mchana, tembo hawana taa, na hapo ndani mwisho ni 70 hata kama barabara ni nyeupe.

Himalayan mpya ya 450 usiniulize sasa. Ni nzuri, ina nguvu za farasi 40 na inapozwa kwa maji, lakini bei yake ni habari nyingine na mafundi wetu bado hawajaizoea. Tofauti ya pesa nunua helmeti mbili za kufunika uso mzima. Ya Mama Neema nunua mkiwa wote, avae dakika kumi dukani. Ikimbana kwenye paji itamuumiza kichwa kabla ya Morogoro.

Narudi kwenye karatasi. Kadi iwe na jina la huyo huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake mkononi. Akisema kadi iko kwa mwenye mali Nairobi, binamu aage kwa heshima aondoke. Za namna hii zitakuja nyingine, usiogope.

Sasa nijibu wewe. Leseni yako imeandikwa A au A1? Hii inataka A, na kama ni A1 tuanze na hilo. Amekwambia ni ya mwaka gani, na umeiona dashibodi ikiwa imewashwa au imezimwa tu? Yale maboksi ya pembeni yamo kwenye bei? Kibaha utailaza wapi, ndani ya uzio au pale kwa Mangi? Binamu ana spana ndogo na kipimo cha umeme, au nimwombe yule fundi wa Arusha aliyesoma na Mwalimu amsindikize? Na Mama Neema umeshamwambia ni pikipiki ya nini, au anadhani bado ni ile habari ya friji?

Nijibu kabla ya Alhamisi jioni, nimpigie fundi mapema.

Ndugu yako,
Baba Swaumu