Barua ya Malalamiko: Droni Iliyouzwa kwa Picha ya Bahari na Dhamana Isiyotaka Maji

Shela, Lamu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

KUH: KUKATALIWA DHAMANA YA DRONI ILIYOHARIBIKA IKIFUATA MASHUA

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu droni ya kamera niliyoinunua kwa wakala wenu wa Mombasa, na kuhusu jibu mlilonipa nilipoomba itengenezwe. Jibu lenyewe ni fupi. Mnasema dhamana haigharamii uharibifu wa maji, na kwamba kitabu cha maelekezo kinamwonya mtumiaji asitumie mfumo wa kufuata juu ya bahari. Basi yule kijana aliyechapwa kwenye boksi lenu, amesimama juu ya ubao wa kuteleza na mawimbi huku droni ikimfuata nyuma, yuko wapi kama si baharini?

Mimi ni mpiga video. Kazi zangu ni harusi, hoteli na mashindano ya mashua, na hapa kwetu kitu cha kupigwa picha kama hakiko majini, basi kiko karibu na maji. Wakala wenu nilimweleza hayo kabla sijatoa pesa. Alichonijibu ni kunifungulia tangazo lenu kwenye simu yake: boti inakata maji, droni iko nyuma yake, na sauti inaahidi kwamba itakufuata popote uendapo.

Haki yenu nitawapa. Ufuoni, mtu akitembea peke yake mchangani, droni hii inafanya kazi ya kifundi. Unachora kisanduku juu ya mtu kwenye kioo cha simu, unachagua imfuate nyuma, iende sambamba naye au imzunguke, nayo inakwenda bila kutetereka. Na ile namna nyingine, ambapo kamera humkazia macho mlengwa huku kuruka naongoza mwenyewe, naipenda kuliko zote. Maharusi wangu wameifurahia sana.

Majini ni habari nyingine. Kamera haimjui nahodha, wala haisomi jina lililopakwa ubavuni mwa chombo. Inachoshika ni umbo na rangi. Matanga ya mashua zetu mengi ni meupe, yote ya pembetatu, na kwenye mashindano hupishana karibu kugusana. Mashua niliyoichagua ikipita nyuma ya nyingine, kisanduku hutokea upande wa pili kikiwa kimeng'ang'ania tanga la mshindani. Mteja alilipia mashua yake, nami nikajikuta na video safi kabisa ya mashua ya hasimu wake. Tena nahodha akigeuza chombo, tanga lililoonekana pana hubaki mstari mwembamba, na droni huamua kwamba mlengwa ametoweka. Husimama papo hapo hewani. Kwamba vihisi vyake vya kukwepa vikwazo havioni kamba nyembamba za tanga kama henza na demani, hilo silalamikii: mmelisema wazi kitabuni, nami huruka juu kuliko milingoti.

Sasa niwaeleze siku ilipoanguka, maana aliyenijibu hakuifungua kumbukumbu ya safari niliyowatumia, yaani rekodi ya jinsi droni ilivyoruka.

Tulikuwa kwenye boti ya mashine, katika mkondo kati ya Shela na Manda, tukizifuata mashua za mashindano. Kuwa ndani ya boti haikuwa anasa. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zinanitaka niione droni kwa macho yangu wakati wote, na isipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120. Mashua inayokimbia na upepo huwezi kuiona vizuri ukiwa umeketi barazani Shela. Lazima uende nayo.

Droni ilipaa kutoka kwenye boti, ikaanza kwenda sambamba na mashua. Mashua ikageuka, kisanduku kikapotea, droni ikasimama. Nilishika vijiti vya rimoti kuirudisha, lakini jahazi kubwa lilikuwa limeingia kati yetu na mawasiliano yakakatika. Hapo ndipo mfumo wenu wa kurudi nyumbani ulipoamka. Na nyumbani kwake ni wapi? Ni pale iliporukia. Boti yetu ilikwisha kupaacha mbali. Palibaki maji matupu. Ikaenda huko kwa utulivu kabisa, ikaelea hewani kwa muda, kisha betri ilipokaribia kuisha ikatua baharini. Tulipofika, mvuvi mmoja alikuwa ameshaiopoa, inachuruzika.

Mtaniambia kuna sehemu katika programu ya kuifanya rimoti iwe ndiyo nyumbani. Ipo, na niliitumia. Lakini huchukua mahali rimoti ilipo wakati unapobonyeza, basi. Boti ikisonga, alama haisongi. Yaani mmetengeneza chombo chenye uwezo wa kuifuata mashua ya mtu mwingine kwa kuitazama tu, kisha kikashindwa kuifuata boti ya mwenyewe, ambayo ina rimoti inayozungumza nacho muda wote! Huo si uzembe wa rubani. Ni kazi ambayo wahandisi wenu hawakuimaliza, na kwa anayefanya kazi ndani ya boti ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Sababu ya onyo lenu kuhusu maji naielewa. Kamera ya chini ya droni hupima mwendo kwa kutazama alama zilizotulia ardhini. Mawimbi hayatulii, na jua likipiga majini kamera hupofuka, kwa hiyo droni inayoruka chini huweza kusogea bila kuamriwa. Ni onyo la haki kabisa. Ninachouliza ni kwa nini liko ndani ya kitabu, mahali ambapo mnunuzi hufika akiwa ameshalipa, na bahari iko juu ya boksi. Huku ni kumuuzia mtu mtumbwi kisha ukamwambia dhamana inakoma siku utakapoingia majini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumuuzia mtu kitu kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha. Sitaji sheria ili kuwatisha. Ila barua yenu ilisema jambo hili limefungwa, nami kwa upande wangu sijalifunga.

Ninachotaka ni droni nyingine ya aina hiyo hiyo, au fedha zangu zirudishwe. Zaidi ya hapo, ama muiondoe bahari kwenye matangazo, ama muandike onyo hilo kando ya picha, kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa ahadi yenu. Na kwa kuwa mna wakala Mombasa na mnauza pwani nzima, kitabu chenu kiwe na Kiswahili. Lugha zilizomo nimezipitia zote, yetu haimo. Hiyo alama ya nyumbani inayogoma kuhama, wapelekeeni wahandisi. Sitarajii ibadilike kesho, lakini nataka jibu la maandishi kutoka kwa mtu aliyeisoma kumbukumbu ya safari.

Droni iko kwangu, haiwaki. Betri nimeitoa na kuiweka nje ya nyumba, maana betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi si ya kulala nayo chumbani. Nijulisheni niipeleke wapi, na nani atalipa usafiri hadi Mombasa.

Nimeambatisha risiti, picha ya boksi pande zote, na kumbukumbu ya safari kwa mara nyingine.

Ni mimi mteja wenu,
Mpiga video, Shela