Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Kesi za Kuigiza

Ndugu wanachama,

Semina ya sheria ya ushahidi ilifanyika, jalada jipya la kesi limeandikwa, mashindano ya ndani yamekwisha na vyeti vimetolewa. Hayo mnayajua, siyarudii.

Niingie kwenye lililoleta manung'uniko: kuzuia hotuba za majumuisho, yaani za kufunga kesi, hadi mwanafunzi aweze, bila karatasi mkononi, kufikisha kielelezo kimoja (hati au kitu cha ushahidi) hadi kipokelewe na kumkabili shahidi anayejipinga. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. Wapo wanaosema tumewanyima vijana utamu. Lakini mliokaa meza ya majaji mmewaona wanaonguruma kwenye majumuisho wakitegemea barua ambayo haikupokelewa kamwe. Kielelezo hutiwa alama ya utambulisho, upande wa pili hukiona, shahidi hupewa, hueleza anakitambuaje, ndipo mahakama huombwa ikipokee. Kukisoma ni baada ya hapo. Wetu huanza kusoma shahidi akiwa bado anatafuta miwani.

Kwenye maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, ni yale yale. Shahidi akisema leo gari lilikuwa jeusi, na maelezo yake ya awali ya maandishi yalisema jeupe, kwanza anafungwa kwenye jibu la leo. Kisha maelezo yanapewa uzito: aliyatoa kumbukumbu ikiwa mbichi, akayasoma, akasaini. Ndipo mstari unasomwa neno kwa neno, basi. Mwanafunzi anaongeza "kwa nini?", shahidi anajibu kwamba siku ile alikuwa na mshtuko, na kazi yote imemwagika. Mwenzetu mmoja alidai amri 10 za dodoso za Irving Younger, yule mwalimu wa sheria wa Marekani, zingetosha. Ile ya kutouliza swali moja la ziada wanaikariri wote, na ndiyo wanayoivunja kwanza. Dawa ni zoezi la dakika 5 kwa kila mmoja, tena na tena, kwa jalada lile lile.

Kwamba uamuzi huu ndio uliotukosesha fainali, sikubali. Karatasi za alama zinaonyesha tulikwama kwenye maswali ya msingi, yaani ya kuwahoji mashahidi wetu wenyewe: kati ya dakika 20, shahidi wa kwanza alikula 14, na wa pili hakuulizwa jambo lililobeba kosa lenyewe. Hotuba haikuhusika.

Sasa mahudhurio, na hapa nasikitika. Kila raundi inataka majaji 3: mmoja wa kuamua pingamizi, wawili wa alama. Mara nyingi nimebaki peke yangu. Wanaofika bila kusoma jalada wanagawa alama kwa sauti na suti, na hawawezi kujua kuwa shahidi ametunga jambo lisilomo kwenye maelezo yake.

Ada: waliolipa hawafiki nusu. Kilichokusanywa kimeishia kwenye kuchapa majalada, na wanaodai nakala kwa sauti kubwa zaidi wamo kwenye orodha ya wadaiwa. Mwanachama asiyelipa hana uso wa kuhoji ratiba.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuongeza zoezi la shahidi mtaalamu, kupata majaji zaidi, na pengine kamera ya kuwarekodi wanafunzi. Orodha ya wadaiwa imeambatishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti