Risala ya Mafundi wa Mbao wa Kibuye kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, kina mama wa chai na nyinyi mnaobeba maranda ya kuku, mafundi wenzangu, hamjambo. Mimi ndio karani wa kikundi, nimeambiwa nisome risala fupi, ikikuwa refu mlaumu walionichagua.

Asante kwa kufika Kibuye mwenyewe. Vitanda, sofa, hata majeneza ya hii Kisumu mengi hutoka hapa, lakini hakuna mtu huuliza fundi anapumua nini. Leo tumekuja na maneno ya vumbi. Mtu akikatwa kidole kila mtu anaona damu anakimbia, lakini vumbi haina damu.

Iko hivi. Ukipiga randa ya mkono yanatoka maranda, yanaanguka chini, unafagia, kwisha. Shida ni msumeno wa mashine na ile mashine ya msasa yenye sisi huita sanda, na samahani kwa hilo jina. Hiyo inasaga mbao mpaka unga na ndani ya huo unga kuna chembe hata huzioni, unene wa unywele wa mtu ni kama mikroni 70 (mikroni elfu moja ndio milimita moja) na hizo ziko chini ya 10, mashine ishazimwa kitambo lakini bado zinaelea tu hewani na wewe umekaa hapo unakunywa chai. Zile kubwa kidogo zinanasa puani, zile ndogo kabisa zinateremka mpaka mapafu.

Na hii si maneno ya kutishana. Miaka ya 1960 huko High Wycombe, Uingereza, mji wa watengeneza viti, madaktari waliona mafundi wa fanicha wanapata saratani ya ndani ya pua, ugonjwa wenye kwa watu wengine ni nadra sana. Mwaka wa 1995 lile shirika la utafiti wa saratani la WHO likaweka vumbi ya mbao kwa kundi la kwanza, yaani hakuna kubahatisha, inaleta saratani. Wenzetu wa kuchomelea vyuma hapo ng'ambo msicheke, moshi wenu uliingizwa kundi hilo hilo 2017.

Kitu mbaya ni kwamba haiji leo. Inaweza kukaa miaka 20, 30, hata 40, kijana ameanza kusukuma sanda akiwa na miaka 18 atakuja kuuguza pua akiwa babu, na nani atakumbuka mvule? Kuna mzee wetu aliziba pua upande mmoja, damu inatoka toka, sisi tukasema ni homa, ni baridi ya ziwa. Alipofika hospitali alikuwa amechelewa. Hatusemi ni vumbi ilimuua, daktari hakutuambia hivyo, lakini sahii pua ya mtu ikiziba upande mmoja na damu wiki mbili tatu tunamsukuma aende Russia apimwe, hiyo hospitali kubwa ina jina lingine refu lakini sisi ni Russia tu.

Sasa maziwa. Hapa kila fundi hununua paketi jioni ati inaosha kifua. Jamani, maziwa inaenda tumboni, vumbi iko kwa mapafu, hizo ni njia mbili tofauti! Kunywa kwa sababu ni tamu. Na leso ya kufunga mdomo nayo inazuia maranda tu, huo unga unapita kama mlango uko wazi.

Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri apunguze vumbi kazini. Sawa, lakini hapa mwajiri ni nani? Kila mtu ni bosi na kibarua wa nafsi yake.

Kwa hivyo Mheshimiwa, hatuombi tishati. Tunaomba mashine mbili za kunyonya vumbi palepale sanda inapogusa mbao, na maski za N95, zile zinachuja hata huo unga. Sisi wenyewe tumeshakubaliana kumwagia sakafu maji kabla ya kufagia na kuacha kupuliza nguo na kompresa.

Tumezima mashine zote tangu asubuhi ndio usichafuke. Ukimaliza kuongea tutawasha moja tu, dakika tano, tunakuomba usimame hapo mlangoni. Hiyo suti nyeusi, pole mapema.

Ni sisi mafundi wa mbao, Kibuye.