Shukrani kwa fundi aliyemfundisha mwanangu kuunda modi

Naomba kumshukuru hadharani fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, ambaye hakupenda nimtaje jina. Mwanangu alikuwa akinakili misimbo asiyoielewa ili abadilishe michezo yake, na kila mchezo ulipogoma kufunguka alikata tamaa. Fundi alimwekea Luanti, jukwaa la michezo lisilolipiwa ambalo hadi 2024 liliitwa Minetest, na ambalo halikuielemea kompyuta yetu kuukuu. Alimwonyesha kuwa modi, yaani nyongeza inayobadilisha mchezo, huweza kuanza na folda moja yenye faili mbili tu, mod.conf na init.lua, kisha akamwachia achore mwenyewe sura ya tofali, pikseli 16 kwa 16. Kilichonigusa zaidi ni kwamba aliuharibu msimbo kwa makusudi, akafuta alama moja ya mabano, akamtaka mtoto asome debug.txt, faili ambamo Luanti huandika makosa, mpaka auone mstari wenye kosa. Hakugusa kipanya hata nilipomsihi (subira si fungu langu). Alimfundisha pia kuangalia leseni kabla ya kutumia picha ya mtu mwingine. Malipo aliyakataa. Wenye ujuzi huu, tafadhali wakaribisheni watoto wa majirani zenu.