Ile shotgan ya bei chee, subiri kwanza

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Huku Nachingwea sisi wazima, mama watoto anakusalimia sana, mvua bado inanyesha nyesha na mahindi ndo yanaanza kukomaa kwahiyo usiku hatulali, tunakesha na debe na tochi kufukuza nguruwe. Meseji yako niliisoma juzi nikairudia tena jana, nikataka nikujibu kwa voisi nikaona hapana, hili jambo nikiliongea ntasahau nusu, bora nikuandikie hata kama itakuwa ndefu, utasoma ukitulia hapo Chikongola.

Umeniuliza uichukue ile shotgan ya bei chee au usubiri msimu mwingine wa korosho uongezee hela. Jibu langu ni usiichukue bado. Na sio kwa sababu ni ya bei chee, hapo ndo nataka unielewe, maana najua utasema huyu vipi, mbona yeye mwenyewe alinunua hiyohiyo ya bei chee. Kweli nilinunua. Na sijawahi kukuhadithia yote yaliyonikuta.

Mwaka ule korosho zilipolipa vizuri nilienda Dar na kibali changu mkononi, nimekihangaikia zaidi ya mwaka, barua ya kijiji, polisi, kamati ya ulinzi na usalama, unajua mwenyewe maana na we sa hivi uko kwenye foleni hiyohiyo. Dukani wakanionyesha mbili. Moja ya mtutu mmoja, ya kukunja, ya Kirusi, mtumba, mbao ya kitako imechubuka. Nyingine mpya ya boksi, ya Kituruki, semi otomatiki, nyeusi inang'aa, unapiga tano mfululizo, na bei zilipishana kidogo tu, hiyo mpya ndo ilikuwa ya chini. Nikachukua mpya. Msimu wa kwanza ilifanya kazi vizuri, siwezi kuisingizia. Msimu wa pili ikaanza, unapiga moja ganda halitoki, linabana pale katikati, unabaki unalichokonoa na kidole gizani. Dukani wakaniambia hizo risasi unazotumia ni nyepesi, hazina nguvu ya kuirudisha nyuma ile mitambo ya ndani, tafuta nzito. Nikatafuta nzito, ikatulia kidogo.

Alafu usiku mmoja mwezi wa tatu, dume la nguruwe limesimama kama hatua 15 mbele yangu na mtoto wa kaka yuko nyuma yangu kashika tochi, nikabonyeza ikalia ka! basi, hamna kitu, nikakoki tena nikabonyeza, ka! Lile dume likatujia. Kijana akatupa tochi akakwea mkorosho, mi nikaanguka kwenye matuta ya mihogo nikasikia tu linapita pembeni yangu linakoroma mpaka likaingia porini. Mungu tu. Mpaka leo yule kijana hakubali kwenda shamba usiku na simlaumu.

Pini ya kupigia risasi ilikuwa imekatika. Kitu kidogo kabisa. Duka wakasema spea hawana ila wataagiza, mwezi mmoja itakuwa imefika. Ilichukua miezi saba swahiba, msimu mzima ukapita bunduki iko kwenye kabati na nguruwe wako kwenye mihogo, na mwisho mwisho simu zangu wakawa hawapokei, mpaka nilipopanda basi kwenda mwenyewe. Kuna fundi mmoja akaniambia niletee nikuchongee, mi nikakataa, kile ni kitu kinachogonga risasi hakichongwi kwa kukisia. Nikija kupiga hesabu, nauli na kulala Dar mara mbili vimeshapita ile tofauti ya bei ambayo ndo ilinifanya niikimbie ya Kirusi.

Nikawa namlalamikia binamu yangu yule wa Columbus, Ohio, anaendesha lori huko, si unamkumbuka. Nikamwambia nimejifunza, vya rahisi sinunui tena. Akaniambia hapana, usiseme hivyo, huku kuna bunduki za rahisi kuliko hiyo yako na watu wanazipenda. Ndo akaanza kunielezea, na mi nikaanza kusoma soma mwenyewe, na nikwambie ukweli imenibadilisha mawazo kabisa.

Kuna kiwanda cha bunduki kinaitwa Hi-Point, kiko mji wa Mansfield hukohuko Ohio, binamu anapita jirani akienda Cleveland. Bastola yao mpya inauzwa chini ya dola 200 wakati bastola mpya ya Glock, ile ya jina kubwa, inataka dola 500 na kitu. Watu wanazicheka, nene, mbaya kwa sura, na nzito, ile yao inayoitwa C9 ina kama gramu 800 kabla hujaijaza risasi. Ila huo uzito una sababu. Bastola nyingi za 9mm, risasi ikifyatuka mtutu na lile bati la juu linalorudi nyuma vinabaki vimeshikana kwa muda mdogo sana mpaka nguvu ipungue, na kukichonga chuma kifanye hivyo kwa usahihi ni kazi ya mashine na ina gharama. Hi-Point wakakiondoa hicho kitu. Wameweka bati la juu zito la aloi ya zinki, linamiminwa kwenye kalibu, na uzito wake wenyewe ndo unaochelewesha kurudi nyuma. Hapo pesa nyingi imeshaokolewa. Urembo nao hawajaugharamia. Alafu sasa sikiliza hapa, wana waranti ya maisha, na waranti inaifuata bunduki haimfuati mtu, hata ukiwa mtu wa tatu kuinunua na risiti huna, ukiirudisha kiwandani wanakutengenezea bure. Mteja mwenye dola 180 mfukoni anajua ikimharibikia kuna mlango wa kugonga. Ndo biashara yao ilipo hapo. Mwaka 2019 waliwapa hadi wateja kura ya jina la bastola yao mpya, wateja wakachagua jina la utani na kampuni mwisho ikalikubali.

Mossberg, kampuni nyingine ya bunduki ya hukohuko Marekani, nao wana njia yao. Wana shotgan yao ya zamani ya pampu, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, inaitwa 500, inajulikana kila mahali, alafu wana Maverick 88 ya bei ya chini inayounganishwa Eagle Pass, Texas. Ni kama mdogo wake. Mtutu wa 500 unaingia kwenye 88 na spea nyingi zinaingiliana, kwahiyo aliyenunua ya rahisi anakula kwenye sufuria moja na aliyenunua ya ghali. Na ushindani huko ni mkali kwelikweli, maana hizo mpya za rahisi hazishindani zenyewe kwa zenyewe tu, zinashindana na mitumba mizuri, polisi wakibadilisha silaha zao zile za zamani zinarudi sokoni, mtu anakaa anawaza achukue mpya ya hali ya chini au Glock iliyokaa kiunoni kwa askari miaka kumi. Binamu anasema wanaojua wengi wanachukua ya askari.

Sasa nikueleze ya California, hii ndo iliyoninyima usingizi.

Mwaka 1968 Marekani walipitisha sheria ikazuia kuingiza bastola ndogo ndogo za rahisi kutoka nje. Waliokuwa ndani wakaona mwanya. Mwaka 1970 bwana mmoja George Jennings akaanzisha Raven Arms kule karibu na Los Angeles, anatengeneza vibastola vya zinki, na baadae ndugu na jamaa zake wakafungua viwanda vingine jirani jirani mpaka watu wakaviita Pete ya Moto. Kimoja kiliitwa Bryco, cha mtoto wake Bruce. Kuna bastola yao ambayo ili uitoe risasi iliyobaki kwenye chemba ni lazima kwanza uiondoe kwenye sefti, kile kifungo kinachoizuia isifyatuke. Yani muda unapotaka kuifanya iwe salama ndo unailazimisha iwe hatari. Mwaka 1994 mtu mmoja alikuwa anajaribu kuitoa risasi kwenye bastola ya namna hiyo, akafyatua kwa bahati mbaya ikampiga mtoto wa miaka saba. Mtoto akapooza kuanzia shingoni. Kesi ikaja kuamuliwa 2003, Bryco ikaangushiwa mamilioni ya dola ikafilisika. Mali za kiwanda zikapigwa mnada mwaka 2004 na yule mtoto, kijana sasa, na hali yake hiyohiyo, akachangisha pesa ili azinunue bastola zilizobaki aziyeyushe. Akashindwa. Aliyekuwa msimamizi wa kiwanda hichohicho akapanda dau mpaka dola 510,000 akachukua, akaendelea kutengeneza kwa jina la Jimenez Arms, na yeye akaja kufilisika 2020.

Nimeisoma hiyo nikatoka nje nikakaa barazani. Nina watoto wanne ndani, we unao watatu.

Ndo nikaona kwamba neno rahisi sio neno moja. Yule wa Mansfield kapunguza urembo na wepesi, wale wa California walipunguza kwenye kile kitu kinachokulinda wewe na mwanao. Ukiwa dukani zote mbili ni za bei poa, zote zina boksi zuri, muuzaji anazisifia sawasawa. Na hata makampuni makubwa huwa yanateleza, Taurus ya Brazil mwaka 2015 walikubali kuimaliza kesi Marekani kuhusu aina 9 za bastola zao zilizodaiwa zinaweza kufyatuka zikidondoka, na baada ya hapo wameendelea kuuza za bei ya chini kwa wingi sana. Kwahiyo jina peke yake halikutoshi.

Na sisi wa kusini tungetakiwa kulijua hili kuliko wote. Silaha ya rahisi kabisa huku kwetu ni ipi kama sio gobore? Babu zetu waliyabeba magobore kwenye Majimaji kuanzia 1905, kutoka Matumbi huko, wakakutana na bombomu za Mjerumani, zile bunduki za kumimina risasi mfululizo. Mpaka leo kuna watu wanayo porini, hayana kibali, na kila mara polisi wanatangaza watu wasalimishe kwa hiari. Yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa anakuja kucheza bao pale kwa mzee, unakumbuka vidole vyake viwili havipo? Gobore lilimpasukia mkononi. Mzee wangu alikuwa haachi kututajia, na mi nilipoikunjua ile semi mpya nikadhani nimeshatoka kabisa kwenye dunia ya gobore. Kumbe ile usiku ya dume nilikuwa palepale.

Usinielewe vibaya kuhusu Waturuki. Ile uliyotumiwa picha nadhani ni ya Kituruki kama yangu. Kuna mji kule unaitwa Huğlu, mkoa wa Konya, wanatengeneza shotgan toka zamani na wana ushirika wao toka 1962, kama vyama vyetu vya msingi vya korosho ila wao bidhaa yao bunduki, na kuna kazi nzuri sana inatoka pale. Shida ni kwamba bunduki nyingi za kutoka huko zinasafiri zimebandikwa jina la muagizaji, leo jina hili kesho lile, muagizaji akiacha biashara hujui hata uandikie nani. Yangu jina lililopo ubavuni sijalikuta kwa fundi yeyote. Mwenzangu mwenye Hi-Point anaituma kiwandani Mansfield, mi ya kwangu naituma wapi?

Kwahiyo ukirudi kuongea na wale wa dukani usianze na bei. Waambie wakutolee pini na springi ya spea hapohapo mezani uzione, wakikwambia zinaagizwa basi umeshajibiwa. Omba ulipe nazo kabisa uondoke nazo. Waulize ikikwama nani anatengeneza na yuko wapi, jina la fundi na namba yake, sio maneno ya tutakusaidia bosi. Na ile sefti ijaribu wewe mwenyewe, bunduki ikiwa tupu, uone unaweza kuikagua na kuitoa kila kitu bila kuiweka tayari kufyatuka. Mi bado moyo wangu uko kwenye ya mtutu mmoja, hata iwe mtumba, hata iwe mbaya kwa sura. Unaikunja, unaona mwanga unatokea upande wa pili wa mtutu, unajua hamna kitu ndani, hata mtoto akikuuliza unaweza kumwonyesha. Vitu vya kuharibika viko vichache. Kwa nguruwe risasi moja inatosha, akisikia mlio kundi lote limeondoka. Nyani ndo wajanja, hao debe na mbwa. Na tembo wakishuka kutoka porini upande wa Liwale usiwaze bunduki kabisa, hao piga simu wanyamapori ukae mbali.

Alafu nunua kabati la chuma kabla ya bunduki. Kabla, swahiba, sio baada. Risasi zikae sehemu nyingine na funguo ukae nao wewe.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ule unga wa muhogo ulifika salama. Karatasi zako zikitoka nipigie hata kama ni saa nane usiku, mi niko macho na debe langu, tutapanga siku twende Dar wote wawili.

Wako wa siku zote,
Nachingwea